Vitoto vya kambare vinakufa na njaa: chakula hai tukitotoleshe sisi wenyewe



Kila msimu, mu mikutano ya wafugaji wa samaki, tunasikia habari ileile. Koperative imepata kambare jike mwenye mayai, fundi amempiga sindano, mayai yametotoa vizuri, kila mtu amefurahi. Kisha siku saba, mu beseni kunabaki vitoto vya kuhesabu kwa vidole. Wengine wanasema ni maji, wengine wanasema ni ugonjwa, na hakukosi mtu wa kusema ni jicho la jirani. Mimi ninaandika hapa kusema neno moja: mara nyingi vitoto vile vimekufa na njaa, na chakula kilikuwa mbele yao. Kilikuwa chakula ambacho havikuweza kula.

Neno la pili njo lile ninataka tujadili. Chakula hai cha vitoto tunaweza kukitotolesha nyumbani, kwa bidoni, tonga na kinyesi cha kuku. Koperative ambayo haijajua kazi hiyo, kwa mawazo yangu, isinunue tena sindano wala isijenge beseni la saruji. Ninajua hayo hayatapendeza wote, pamoja na wale wanaotuletea miradi. Lakini mnipe nafasi nieleze.

Kitoto cha siku tatu hakijui pumba

Tumezoea tilapia. Tilapia jike anabeba watoto wake mu kinywa, anawatoa wakiwa wanajua kuogelea, na wao wanajitafutia mu kiziba. Njo maana hatukujifunza kulisha vitoto. Kambare ni kitu kingine. Mama anaacha mayai na kuondoka, kazi yote inayobaki ni yetu.

Gramu moja ya mayai ya kambare iko na mayai karibu 600 ao 700. Jike akitoa gramu 100, ni zaidi ya mayai 60 000. Mu maji ya digrii 25 mpaka 28, yanatotoa kisha siku moja ao moja na nusu. Kitoto kinatoka na mfuko wa kiini ku tumbo, na kinaishi juu ya kiini hicho siku mbili ao tatu. Wakati huo hakiombi kitu. Ukikipa chakula, unachafua maji bure.

Kiini kikiisha, kinaanza kutafuta. Ni kidogo sana, hakifiki sentimeta moja. Kinywa chake ni chembamba na tumbo halijakomaa kwa kusaga unga. Kinafuata kitu kinachotembea na chenye mwili laini. Ukimwaga unga wa soya ao pumba ya mchele, unashuka chini, unaoza, unamaliza hewa ya maji. Vile vyenye nguvu kidogo vinaanza kula wenzao. Kisha wiki moja mpaka mbili tumbo linakuwa tayari, na hapo njo unga mzuri wa samaki na soya unaanza kufaa, tukiuchanganya kwanza na chakula hai na kuuongeza polepole.

Kwa hiyo shida yetu yote iko mu siku kumi hivi. Mwenye kupita siku hizo na vitoto vyake amepata mbegu ya kuuza. Mwenye kushindwa hapo amepoteza jike, sindano, mafuta ya pikipiki na imani ya wamemba.

Kazi hii imetoka ku wafugaji wa kamba wa bahari

Mu nchi ya Japani, Motosaku Fujinaga alifaulu mwaka 1934 kutotolesha mayai ya kamba wa bahari mikononi mwa watu. Lakini kutotolesha ilikuwa mwanzo tu. Kitoto cha kamba kinabadilika mara nyingi. Siku ya kwanza na ya pili kinaishi juu ya kiini, sawa na kambare. Kisha kinataka majani madogo ya maji, yale yasiyoonekana kwa macho. Siku chache mbele kinaacha majani, kinataka vidudu vidogo vinavyotembea. Kila kipindi na chakula chake. Ukikosa kimoja, vyote vinakufa. Fujinaga alilazimika kujua kufuga majani madogo yale mbele ya kuweza kufuga kamba.

Miaka ileile, Seale wa Marekani mu 1933 na Rollefsen wa Norwe mu 1939 walionyesha ya kama watoto wa artemia ni chakula kizuri cha vitoto vya samaki. Artemia ni mdudu mdogo wa maziwa ya chumvi, ndugu wa mbali wa kamba. Mayai yake yakikauka yanaweza kulala miaka. Ukiyarudisha mu maji ya chumvi, yanatotoa kwa siku moja. Njo maana yanafungwa mu bwate na kuuzwa dunia nzima. Mengi yanatoka ku ziwa moja la Marekani, Great Salt Lake, mu jimbo la Utah.

Tuangalie utaratibu wa watu wa kamba. Hawaanzi na mama. Wanaanza na chakula, na mama anangojea. Siku vitoto vinafungua kinywa, chakula kiko tayari, kinatembea mu maji. Sisi tunafanya kinyume: tunampiga mama sindano leo, kesho kutwa njo tunaulizana vitoto vitakula nini.

Kamba wenyewe tuwaachie watu wa bahari

Hapa ninaomba tusikose njia. Kuna wanaosema kamba wa bahari wanauzwa dolari nyingi ku hoteli za Goma na Lubumbashi, basi tuwafuge. Niko kinyume kabisa, na sababu ni hesabu.

Maji ya bahari yako na chumvi gramu 35 hivi mu litre moja. Tanki la litre 1 000 la kulea vitoto vya kamba linaomba kilo 35 za chumvi, tena si ya jikoni tu, juu maji ya bahari yako na madini mengi mengine. Na maji hayo yanabadilishwa kila mara. Ni kweli, kuna aina ya kamba ambayo ikikua inazoea maji yenye chumvi kidogo. Lakini vitoto vyake havitoki bila maji ya bahari. Na hata tuseme gramu 5 tu kwa litre: kiziba cha ari moja chenye kina cha meta moja kiko na litre 100 000, ni kusema kilo 500 za chumvi. Siku utakapofungua maji, chumvi hiyo itashuka ku mchele na ku maharagi ya jirani wa chini ya bonde. Shamba lililokula chumvi halisamehe haraka.

Bahari yetu iko Muanda, mbali na Uvira zaidi ya kilomita 1 500. Kutoka ku watu wa kamba tuchukue ujuzi wao wa chakula, kamba wenyewe tuwaache kule kule.

Artemia: dawa ya haraka, si ya kila siku

Mwenye kuwa na bwate ya artemia anaweza kuitotolesha nyumbani hivi. Kata chini ya bidoni ya plastiki ya litre tano, uigeuze kinywa chini, uifunge vizuri ku mti ao ku ukuta. Weka maji safi na chumvi ya jikoni, gramu 25 mpaka 30 kwa litre, karibu vijiko viwili vya supu visivyojaa sana. Weka gramu mbili za mayai kwa kila litre. Ingiza bomba la hewa mpaka chini, hewa ivume kwa nguvu bila kusimama, na taa iwe karibu. Maji yakiwa digrii 26 mpaka 28, kisha saa 24 yametotoa. Ku milima yetu yenye baridi, saa 36 ao zaidi.

Zima hewa dakika kumi. Maganda yanapanda juu, watoto wa rangi ya machungwa wanashuka chini kufuata mwangaza ukiweka tochi pale. Fungua kinywa cha bidoni polepole, wapokee ku kitambaa chenye kusokotwa sana, waoshe na maji matamu. Maganda usiyape vitoto, hayasagiki. Wape artemia mara moja, juu wakikaa siku nzima bila kula wanakonda, na faida inapungua.

Ni chakula kizuri, siwezi kukataa. Lakini tuangalie mbele ya kukitegemea. Kwanza, bwate inanunuliwa kwa dolari na inatoka mbali. Mwaka mavuno yakiwa mabaya ku ziwa lile la Marekani, bei inapanda na sisi hatuna neno la kusema. Pili, bwate ikifunguliwa na kuingia unyevu, mayai yanaharibika. Tatu, kazi hiyo inaomba hewa usiku na mchana, na kwetu umeme unakwenda na kurudi vile unataka. Nne, artemia ni wa maji ya chumvi: ukiwaweka mu maji matamu wanakufa kisha saa chache na kuanza kuoza, kwa hiyo unalazimika kulisha kidogo kidogo, usiku pia.

Mradi mmoja ulitugawia bwate hizo bure. Vitoto vilipona, picha zikapigwa. Mradi ukafunga, bwate zikaisha, na wamemba wakarudi ku pumba. Sisemi hayo kwa kumshitaki mtu. Ninasema msaada ulikuja na chakula, haukuja na kazi ya kukizalisha.

Moina: mdudu wa kwetu

Angalia mu kiziba cha zamani ao mu maji ya kinamasi asubuhi. Utaona vidoti vinavyorukaruka sawa na viroboto. Hao njo viroboto vya maji, na kati yao kuna moina. Mtoto wake ni mdogo kupita artemia aliyetotoa sasa hivi, anaingia vizuri mu kinywa cha kambare wa siku nne. Anaishi mu maji matamu, kwa hiyo asipoliwa saa hii ataliwa baadaye, hafi na kuoza. Tena anavumilia maji yenye hewa kidogo: hewa ikipungua anakuwa mwekundu, anaendelea kuishi. Hakuombi pompi.

Kazi yenyewe ni hii. Tafuta tonga la litre 200 lisilobeba mafuta wala dawa, ao chimba shimo la kina cha sentimeta 50 na kutandika shitingi. Jaza maji ya mto yaliyochujwa ku kitambaa, ao ya mvua. Kama ni ya bomba, yangojee siku moja ao mbili mu jua ili dawa itoke. Weka kinyesi cha kuku kilichokauka, kama gramu 100 kwa tonga, ndani ya mfuko wa kitambaa, uning'inize mu maji sawa na majani ya chai. Kisha siku tatu mpaka tano maji yanaanza kuwa ya kijani. Hapo tia moina uliowavua na kitambaa. Mu joto zuri, mtoto anakuwa mama kisha siku nne ao tano, na anazaa tena kila siku mbili hivi. Kisha wiki moja mpaka siku kumi unaanza kuvuna. Chukua robo tu kila siku, na uongeze kinyesi kidogo kila kisha siku chache. Maji yakinuka vibaya, umezidisha: punguza kinyesi, badilisha sehemu ya maji.

Tonga moja si akili. Kuwe na matatu, yaliyoanzishwa kwa siku tofauti, juu moja linaweza kufa ghafula usiku mmoja.

Mambo matatu ya kuangalia. Mbele ya kulisha, chuja: wadudu wakubwa wenye meno, na hata vidudu vidogo vya aina ya siklopu, vinashambulia vitoto vyenyewe. Funika matonga na chandarua, la sivyo utafuga mbu wa malaria karibu na nyumba. Na tusitumie choo cha watu. Tunawe mikono na sabuni kila mara, watoto wetu wasichezee pale.

Mwenye kiziba kidogo anaweza kufanya kazi hii mu kiziba chenyewe. Kikaushe, tia chokaa, tia mbolea, ukijaze siku chache tu mbele ya kuweka vitoto. Mu maji mapya vidudu vidogo kabisa vinatangulia, moina na ndugu zao wanafuata, na nyuma yao wanakuja wadudu wanaokula vitoto, pamoja na vyura. Kiziba kilichojazwa wiki tatu mbele si kiziba cha vitoto tena, ni cha adui zao. Kizungushie neti ao mabati ya zamani ili vyura wasiingie. Kitabu cha FAO cha mwaka 1996 juu ya kambare, cha de Graaf na Janssen, kinafundisha njia hiyo. Mafundi wengi wanacho. Wamemba wachache wamesomewa.

Nani anafanya kazi, nani analipwa?

Hapa njo mahali ninaona jambo kubwa kupita tonga na kinyesi. Kulisha vitoto mara sita kwa siku, kuchuja, kusafisha beseni, kuamka usiku, mu koperative nyingi ni kazi ya akina mama na vijana wanaokaa karibu. Siku ya kuvua, wenye kushika wavu njo wanaandikwa mu daftari, na wao njo wanagawanya franga. Mama aliyepitisha vitoto siku kumi zile anapewa samaki wawili wa kupika na neno la asante.

Kisha tunashangaa wiki ya mavuno ya maharagi vitoto vinakosa mlishaji! Kazi isiyolipwa inafanywa ikibaki nafasi. Mimi ninashauri hivi: koperative ihesabu vitoto vilivyo hai siku ya 14 na tena siku ya 30, na imlipe mlezi kwa hesabu hiyo, iandikwe mu kanuni za ndani. Si lazima iwe franga nyingi. Iwe ya kweli na ijulikane mbele. Hapo utaona mtu akilinda matonga yake sawa na mbuzi wake.

Majibu kwa wenye kukataa

Kuna wanaosema: kazi hii ni ya uchafu. Ndiyo, na bustani yetu ya sombe tunaitia mbolea gani? Wengine wanasema: tutanunua vitoto ku nchi jirani ao ku kituo cha mbali. Tumefanya hivyo. Vinafika vimechoka, vingine vimekufa mu mfuko, na muuzaji amekwisha kula franga zake. Wengine wanasema: tutavua vitoto ku mto. Hivyo tunamaliza mto, na mu ndoo moja tunaleta aina nne za samaki na magonjwa yao.

Ile neno yenye uzito ni ya watu wa milimani: kwetu baridi, moina hataongezeka haraka. Ni kweli. Kule matonga yawekwe mahali pa jua, mbali na upepo, yapakwe rangi nyeusi, na mtu achague viroboto vya maji vya pale pale, vilivyozoea baridi. Na kama hata hivyo haitoshi, koperative ya mlimani isizalishe vitoto. Inunue ku koperative ya bondeni vikiwa vya mwezi mmoja, na bondeni wapate soko. Si lazima kila kijiji kifanye yote.

Ninaomba mambo matatu

Ku komite za koperative: mu mkutano unaokuja wekeni swali hili ku mpango wa siku: matonga ya moina yako ngapi, na nani anayalinda? Jibu likiwa sifuri, msimpige jike sindano mwezi huo.

Ku mashirika, pamoja na lile linalochapa gazeti hili: mpange masomo upya. Wiki ya kwanza iwe ya chakula hai, sindano ije nyuma. Na bwate za artemia mkileta, ziwe za akiba kwa siku matonga yamekufa, moja kwa koperative, na koperative ilipe sehemu ya bei ili ijue thamani yake.

Ku sisi wamemba: mwenye kuku asiuze kinyesi chote. Mwenye tonga la zamani alitoe kwa kazi ya wote. Wazee wetu walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na mu ufugaji wa samaki anayekufa wa kwanza ni kitoto cha siku nne. Anzeni wiki hii na tonga moja, muongeze la pili wiki ijayo, la tatu wiki itakayofuata. Maji ya la kwanza yakiwa ya kijani na yenye kurukaruka, hapo njo wakati wa kumtafuta kambare jike.